Mstari wa Chini

Jumatano ile mvua ilianza Omurushaka saa nane mchana, na kufikia saa tisa barabara ilikuwa tupu, bodaboda wote wamejibanza kwenye mabaraza ya maduka. Kokwijuka alikuwa peke yake katika duka la ushonaji la dada yake, mguu kwenye pedeli ya cherehani, akishona gomesi lake mwenyewe, gauni la heshima la wanawake wa kule. Lilikuwa la zambarau, mabega yamechongoka vizuri, limebaki mshipi tu. Jumamosi angelivaa mbele ya wageni. Mwalimu Yusto na wazee wake wangekuja nyumbani kwao Ihanda kujitambulisha, na baba yake Kokwijuka, Mzee Elpidius, alikwisha kuvundika ndizi za kukamua rubisi, pombe ya siku hiyo.

Dada yake, Sperancia, alikuwa amekwenda Kayanga tangu asubuhi kutafuta nyuzi na vifungo.

Mtu aliingia akikung'uta maji kwenye kofia. Kokwijuka hakuinua uso.

"Karibu. Mwenyewe hayupo, lakini kama ni sare za shule nitakupima mimi."

"Sikuja kupimwa, Koku."

Sindano ikasimama. Watu wengi walimwita Koku, lakini ni mmoja tu aliyelitamka jina hilo taratibu hivyo, kama anayeweka yai mezani.

Aliinua macho. Niyitegeka alikuwa amesimama mlangoni, shati lake la kazi limetapakaa udongo mwekundu hadi viwikoni. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimejaa kidevuni, ndevu ambazo Kokwijuka hakuwa akizijua. Macho ndiyo yaliyokuwa yale yale, na kwa kuwa yalikuwa yale yale alishindwa kuyatazama, akarudi kutazama kitambaa.

"Umerudi lini?"

"Mwezi wa sita."

"Miezi mitano," alisema Kokwijuka. "Miezi mitano uko hapa hapa."

"Niko nyumbani Bugomora. Nafanya kazi na Wachina wanaochimba visima kule Kyerwa. Mimi ndiye mkalimani wao."

"Hongera. Lakini hapa dukani sote tunasema Kiswahili. Hatuhitaji mkalimani."

Niyitegeka alisogea hadi mezani. Alitazama gomesi la zambarau, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mume wako wa kwanza yuko wapi?"

"Mume gani?"

"Yule uliyeolewa naye mwezi wa tatu. Jana mama ametoka mnadani, akaniambia kuna mwalimu anakwenda kujitambulisha kwa binti wa Elpidius Jumamosi hii. Nikamwambia, mama, umesikia vibaya, Koku ameshaolewa. Akacheka. Akasema huyo msichana hajawahi kutoka kwa baba yake hata siku moja. Sikulala, Koku. Nimekuja uniambie wewe."

Kokwijuka alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Wewe ndiye wa kuuliza? Wewe uliyeniandikia nisikusubiri?"

"Mimi?"

"Usijifanye, Niyi. Nakuomba. Nimeshakulilia mpaka nikamaliza, usije kunianzisha upya."

* * *

Ilikuwa miaka miwili na ushei tangu waonane mara ya kwanza, papo hapo dukani. Niyitegeka alileta suruali mbili zikunjwe miguu. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda China kusomea pampu za maji, na kabla ya hapo alikuwa amekaa Dodoma mwaka mzima akijifunza lugha yao. Kokwijuka alimwuliza kwa utani kama kweli mtu mzima na akili zake anaweza kuandika vile vijiti vijiti. Niyitegeka akachukua chaki ya fundi, akainama juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa mezani, akaandika.

"Hili linaitwa *deng*. Maana yake ni kusubiri."

等

Alimwelekeza kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Juu ni mianzi miwili, imesimama bega kwa bega. Katikati ni udongo: mstari mfupi, mstari wa kusimama unaopita katikati yake, na mstari mrefu chini. Mwisho ni kipimo kidogo, upana wa kidole gumba, na nukta yake. Viharusi kumi na viwili kwa jumla, na kila kimoja kina zamu yake, huwezi kukiwahisha wala kukichelewesha.

Kokwijuka alinunua daftari la hesabu lenye vyumba, akalijaza. Wiki ya pili Niyitegeka aliporudi kuchukua suruali alilitazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kurasa zote hizi umekosea kitu kimoja. Tazama. Mstari wako wa chini ni mfupi kuliko wa juu. Ukiandika hivyo si udongo tena, ni msomi. Wa chini uwe mrefu, ndiyo ardhi yenyewe hiyo. Ardhi inabeba."

Akamshika mkono, akauongoza. Mstari ukatoka mrefu mno, ukavuka chumba chake ukaingia cha jirani. Wakacheka wote wawili. Kisha wakanyamaza, na kimya kile ndicho kilichowafanya wachumba, maana hakuna aliyesema neno jingine siku ile.

Mzee Elpidius aliukataa uchumba huo katakata. Alikataa mchana kweupe, mbele ya watu.

"Kijana ana adabu, sina neno naye," alisema. "Lakini babu yake alikuja huku kuchuma kahawa za watu. Hawana kibanja cha ukoo wao, shamba la kuzikana. Binti yangu akifia kule, nitamfuata wapi kumlilia?"

"Baba, mimi siendi kufa, nakwenda kuishi," Kokwijuka alijibu, na kwa jibu lile alikaa wiki nzima bila kusemeshwa na baba yake.

Sperancia ndiye aliyemtetea. Sperancia, aliyemlea tangu mama yao alipofariki Kokwijuka akiwa na miaka minne. Aliyembeba mgongoni kwenda naye shambani, akamshonea sare ya darasa la kwanza kwa mkono. Niyitegeka aliposafiri, ni simu ya Sperancia iliyotumika, maana Kokwijuka alikuwa na kitochi tu, kisichopiga picha. Kila Jumapili jioni sauti ya Niyitegeka ilikuja kutoka mbali, na mwisho wake picha ya karatasi yenye lile neno moja. Kokwijuka naye aliandika lake, Sperancia akapiga picha, akatuma. Polepole akajifunza kulitumia. *Wo deng ni*, nakusubiri. *Ni deng wo*, unanisubiri. Akawa anayasema peke yake akichota maji, na wanawake wa kisimani wakamdhania anasali.

Ilikuwa hivyo kwa mwaka na nusu. Mwezi wa tatu Sperancia alirudi kutoka stendi na bahasha. Alisema mtu wa Bugomora ameileta. Ndani kulikuwa na karatasi iliyochapwa, mistari mitatu: amepata maisha mengine, asimsubiri, amsamehe. Na chini, kwa kalamu, lile neno lao, limekatwa kwa mstari mmoja mnene.

* * *

"Ninayo," Kokwijuka alisema sasa. "Unafikiri niliichoma? Ninayo."

Alivuta droo ya cherehani, akapekua chini ya vifungo na zipu mbovu, akatoa bahasha iliyokunjika pembe. Hakuwa ameifungua tangu siku ile. Alikuwa ameisoma mara moja tu, na macho yake siku hiyo yalikuwa yamejaa maji.

Niyitegeka aliisoma amesimama. Alipofika mwisho aliirudia. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta, akaiweka mezani mbele yake.

"Na mimi ninayo yangu. Soma."

*Nimechoka kusubiri. Nimeolewa. Usinitafute tena.* Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile ya bahasha. Namba ilikuwa ya Sperancia.

"Sikuandika hii," Kokwijuka alinong'ona.

"Nilipiga simu siku ile ile. Kitochi chako hakikupatikana, nikapiga namba hii mpaka kwenu kukawa usiku. Dada yako akapokea. Akasema umeshakwenda kwa mumeo, nisikuharibie. Halafu akaifungia namba yangu."

"Usimtaje dada yangu!"

"Koku..."

"Nimekwambia usimtaje! Huyo amenilea. Amejinyima nguo ili mimi nivae. Leo uje na matope yako umsingizie?"

Niyitegeka aliirudisha simu mfukoni. Alichukua chaki mezani, akavuta kipande cha kitambaa cheusi, akaandika lile neno taratibu, kiharusi baada ya kiharusi. Kisha akaiweka ile barua kando yake.

"Usinitazame mimi. Tazama maandishi. Wewe unalijua neno hili kuliko mtu yeyote wa Karagwe nzima."

Kokwijuka alitazama kwa hasira kwanza, ili amalize na amfukuze. Mianzi miwili, sawa. Akashuka katikati. Kalamu ya yule aliyekata neno ilikuwa imepita juu kidogo, na chini yake udongo ulionekana wazi. Mstari wa juu ulikuwa mrefu. Wa chini ulikuwa mfupi.

Aliinama zaidi.

Hakuna Mchina aliyeandika hivyo. Niyitegeka hakuandika hivyo kamwe. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kukosea kosa lile, ukurasa baada ya ukurasa, naye ni yeye mwenyewe, katika daftari lile la kwanza la vyumba. Na daftari lile aliliacha hapa hapa dukani, dada yake achane kurasa za kukatia kola.

Aliinua macho ukutani. Kwenye msumari, kati ya tepu na mkasi mkubwa, zilining'inia karatasi zilizokatwa kwa umbo la kola, zimepauka, vumbi la chaki limeziganda. Juu ya ile ya mbele neno lake lilikuwa limejipanga safu kwa safu, wiki yake ya kwanza ya mapenzi, yote imekosewa.

"Mungu wangu," alisema. Hakulia. Alikaa chini, sakafuni, pale pale aliposimama.

Ndivyo Sperancia alivyowakuta. Aliingia na mfuko wa vifungo, khanga kichwani imelowa, anaanza kulalamikia mvua. Akamwona Niyitegeka, akaona barua mezani, akaona mdogo wake chini.

"Mawe!" alimwita mama yake kwa Kinyambo, polepole. "Amekuja."

"Dada," Kokwijuka alisema. "Niambie si wewe."

Sperancia aliweka mfuko chini. Alivua khanga, akaikamua mlangoni, akachelewa kuikamua kuliko ilivyohitaji.

"Niambie si wewe, dada. Nitakuamini. Sema tu."

"Ni mimi."

Mvua iliendelea juu ya bati.

"Barua niliichapisha Kayanga, kwenye stesheneri. Lile dude la chini nililinakili kutoka kwenye karatasi zako. Nilijua bila hilo usingeamini."

"Kwa nini?" Sauti ya Kokwijuka ilitoka ndogo, ya mtoto wa miaka minne. "Baba alikataa, lakini alinikatalia usoni. Wewe ulinipa simu yako. Ulipiga picha maandishi yangu kwa mkono wako. Ulicheka na mimi!"

"Kwa sababu ni mimi niliyesubiri!" Sperancia alipaza sauti ghafla. "Umesahau? Mume wangu alipokwenda Uganda alisema nisubiri. Neno hilo hilo, kwa Kinyambo chetu cha kawaida, bila mianzi wala udongo. Nikasubiri miaka minane. Ulikuwa unaniona nakwenda barabarani kila basi likipita. Siku niliyosikia ana watoto watatu huko, nilikuwa nimeshazeeka. Halafu nakuona wewe, mtoto niliyemlea, umeinama juu ya daftari unajifunza kuliandika neno hilo hilo vizuri zaidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia. Ningekaa na wewe nikuambie."

"Ungenisikia?"

"Pengine nisingekusikia. Lakini ningekuwa nimechagua mimi."

Sperancia alimgeukia Niyitegeka. "Na wewe ulikuwa mwanamume gani? Ujumbe mmoja tu na simu moja, ukanyamaza. Ungempenda kweli ungekuja hadi hapa ukanishika shingo."

"Ni kweli, dada," alijibu Niyitegeka kwa heshima, na heshima ile ilimuumiza Sperancia kuliko tusi. "Niliamini upesi. Nalo nitalibeba."

Kokwijuka aliinuka, akajipangusa vumbi. Katikati ya uchungu wote ule kitu kidogo kilikuwa kimeanza kumpambazukia kifuani, naye aliona aibu kukiachia mbele ya dada yake, lakini hakikuzuilika. Alimsogelea Niyitegeka.

"Basi sasa tumejua," alisema. "Kumbe hukuniacha. Na mimi sikukuacha. Jumamosi bado haijafika, Niyi. Nitamwambia Mwalimu Yusto mwenyewe. Nitamwambia baba."

Niyitegeka hakuunyoosha mkono wake. Alitazama kofia aliyoishika.

"Niyi?"

"Jumapili iliyopita," alisema, "padri alisoma tangazo letu la kwanza kanisani Bugomora. Mimi na Celestina. Ni muuguzi wa zahanati pale kwetu. Niliporudi nilikuwa mgonjwa, nisile, nisilale, na yeye..." Alikunja ukingo wa kofia. "Nilidhani umeolewa, Koku."

Kokwijuka alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kikavu, na Sperancia aliposikia alijiziba uso kwa khanga iliyolowa.

"Kwa hiyo ulikuja kufanya nini?"

"Sijui. Nilikuja kujua. Ukisema neno moja tu, nitalisimamisha. Jumapili hii ni la pili, bado naweza."

Alilitaka neno lile kutoka mdomoni mwake, na Kokwijuka alikuwa nalo tayari. Alilihisi kwenye ulimi. Alimtazama mwanamume aliyemlilia miezi minane, amesimama hatua moja tu, anaomba aamriwe. Kisha akamfikiria msichana asiyemjua, anapanga vitanda vya wagonjwa Bugomora mchana ule, hana habari kwamba maisha yake yanajadiliwa katika duka la watu.

"Mwambie," alisema. "Mwambie Celestina yote. Barua, simu, na kwamba ulikuja hapa leo. Nami sitakuamulia, wala dada yangu hatatuamulia tena. Mkishasema naye, ndipo ujue unataka nini."

"Na wewe unataka nini?"

"Unajua ninachotaka. Usinilazimishe nikiseme nyuma ya mgongo wa mwanamke mwenzangu. Nenda, Niyi. Kabla sijabadilisha mawazo."

Alikwenda. Kokwijuka alimsikiliza akiwasha pikipiki, na hakutoka mlangoni kumtazama.

* * *

Alhamisi alikwenda shuleni kwa Mwalimu Yusto, akamngoja mpaka kipindi kikaisha, akamweleza yote chini ya paa la ofisi ya walimu. Yusto alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza akizungusha chaki vidoleni.

"Huyo kijana akirudi, utamfuata?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi sisi tusije Jumamosi." Akafikiri kidogo. "Asante kwa kunieleza mwenyewe. Wengine tungeelezwa na majirani."

Mzee Elpidius alipoambiwa alipiga kelele siku nzima, kisha akaingia ndani, akamwita Sperancia faragha. Hakuna aliyejua alimwambia nini. Alipotoka hakumtaja tena Niyitegeka kwa ubaya, wala kwa wema. Jumamosi rubisi ilinywewa na majirani, nao walikunywa kwa sauti za chini kama walio msibani.

Jumapili jioni kitochi cha Kokwijuka kiliita. Alikwenda nacho nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Tangazo la pili limesomwa," Niyitegeka alisema.

Kokwijuka aliegemea mgomba.

"Nilimwambia yote, kama ulivyosema. Alilia siku mbili, Koku. Nilingoja anishike, anilaumu, aniombe nibaki. Hakuniomba. Alisema tu niende kama nataka kwenda, na asubuhi akaenda kazini. Kama angeniomba, ningekuja kwako. Hakuniomba, ndiyo maana nimeshindwa kuondoka."

"Ni mwanamke mzuri," Kokwijuka alisema, na ilimgharimu kusema.

"Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe."

Alikata simu mwenyewe. Alikaa pale kwenye migomba mpaka mavazi yake yakalowa umande, na alilia kwa sauti, bila kujificha, maana safari hii alijua anamlilia nani na ni nani aliyemliza.

Jumatatu aliamka mapema kama kawaida, akachukua ndoo. Sperancia alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, macho yamevimba, ameshika kikombe cha chai ya moto aliyomtengenezea mdogo wake kwa maziwa mengi, kama alivyoipenda. Alisimama akingoja. Tangu Kokwijuka alipojua kusema, hakukupambazuka hata siku moja pale nyumbani bila yeye kumwamkia dada yake. Hata siku za ugomvi, hata siku za homa, shikamoo ilitangulia, na marahaba ya Sperancia ndiyo iliyofungua siku.

Kokwijuka alimtazama usoni. Aliona uzee ulioanza kuingia kwenye pembe za macho yale, akaona mikono iliyomlea. Mdomo wake ulifunguka kidogo kwa mazoea.

Akaufunga. Akampita, akafungua lango, akashuka njia ya kisimani.

Nyuma yake, Sperancia aliendelea kusimama, na baada ya muda, kwa sauti ambayo hakuna aliyekuwepo kuisikia, akaitikia marahaba.